Jua Lililochelewa Siku ya Fainali

Brooklyn Park, Minnesota
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Dinah,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta umeketi nje unaota jua na si kitandani, maana Stacy wako aliniambia kwamba mgongo umekusumbua tena tangu mvua ianze. Dada, acha kuinama na kikapu cha chai. Hao vijana ulionao nyumbani wana migongo mizima, waitumie. Shemeji Eliezer yu hali gani? Griffins amerudi chuoni ama bado anakula ugali wako tu?

Sisi hatujambo kwa neema. Mimi bado nawahudumia wazee kwenye makao yao, shifti ya mchana. Mke wangu Keziah ameanza masomo ya uuguzi na usiku anasoma mpaka kitabu kinamwangukia usoni. Natasha amenipita kimo, sasa nikimkemea ni lazima niangalie juu. Theluji iliyotupokea Oktoba imekwenda zake, sasa ni joto, na mbu wa hapa hawaogopi moshi wala maombi.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Kuna ndugu wa kanisani anayesafiri kuja Kisii Jumatano, ndiye atakayeileta. Kwa simu nisingeweza. Fleti yetu ina kuta nyembamba, na neno ninalotaka kukuambia linamhusu mtoto aliye chumba cha pili. Wewe ndiwe uliyenilea mama alipotutoka, na wewe ndiwe uliyenifundisha kuitunza Sabato. Nimechanganyikiwa, dada. Tangu jana usiku nazunguka nalo kichwani na sipati pa kuliweka.

Unakumbuka jinsi Natasha alivyokuwa akiwatesa wavulana kwa mpira pale uwanja wa shule? Huku wasichana wana timu zao, na mara tu tulipofika alichukuliwa na timu moja, acheze mbele, mshambuliaji wa kati. Tatizo letu unalijua bila kuambiwa. Mechi nyingi ni Jumamosi. Kwa hiyo mtoto alifanya mazoezi wiki nzima kama punda, halafu Sabato anakaa kanisani huku wenzake wanacheza. Mechi za Jumapili ndizo zilizokuwa zake, na kila aliyocheza alifunga.

Kocha wao ni Mreno, jina lake Abilio. Wasichana humwita Mista, nami nilidhani ni adabu ya Kiingereza, kumbe kwao Ureno kocha ndivyo anavyoitwa. Ni mtu mfupi, nyusi kama brashi ya viatu, anachechemea mguu wa kulia. Mchana anabandika vigae kwenye mabafu ya watu huko Burnsville, jioni anaendesha gari mpaka huku kwetu kufundisha wasichana mpira.

Mwezi wa Februari alikuja nyumbani kuzungumza nami. Alitaka kuelewa kwa nini mtoto wake mkali kuliko wote hatokei Jumamosi. Maskini, alileta zawadi ya chupa ya mvinyo wa kwao. Keziah aliipokea kwa ncha za vidole, akashukuru sana, akaenda kuiweka kwenye roshani ndani ya theluji. Mpaka leo iko pale, hatujui tuifanyie nini. Sisi tukampa uji wa wimbi. Akaunywa kwa kijiko, akasema ni supu nzuri.

Kiingereza chake na changu vyote ni viwete, lakini tulielewana. Alinieleza maisha yake. Alianza kucheza akiwa kijana huko kaskazini mwa Ureno, timu ya mji mdogo. Mwaka mmoja alifunga mabao kuliko mtu yeyote wa daraja la pili, klabu kubwa ikamnunua. Kule kwa wakubwa akakalishwa benchi. Walikuwa wakimwingiza mwishoni mwishoni tu, watu wameanza kuondoka, na yeye anafunga. Magazeti yakampa jina, Dakika Kumi. Alisema, "Mzee Zadock, mimi nimelisha watoto wangu kwa dakika kumi kumi." Halafu goti likavunjika, akawa kocha, akapanda daraja na timu mbili, akashuka na tatu, hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe. Mwisho binti yake akaolewa huku, naye akamfuata.

Nilipomwambia habari za Sabato hakucheka. Akaniambia kwamba baba yake alizikwa siku ya mechi ya kupanda daraja. Yeye akaenda kwenye mechi. Alifunga mawili, watu wakambeba mabegani, na jioni alipofika nyumbani wageni walikuwa wamekwisha kula na kuondoka. Nikamwuliza kama anajuta. Nilitaka aseme ndiyo, liwe funzo kwa Natasha aliyekuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Akasema, "Sijui. Nilifurahi sana nilipofunga. Hilo ndilo baya." Jibu gani hilo, dada? Niliomba tu, naye akafumba macho na kufanya ishara ya msalaba ya Kikatoliki.

Sasa sikiliza kosa langu. Kabla hajaondoka aliuliza, "Hiyo Sabato yenu inaisha saa ngapi?" Dirishani palikuwa na giza totoro tangu tulipoketi. Nikajibu kama ambavyo ningejibu kule kwetu, bila hata kufikiri: "Jumamosi jioni. Ikifika saa moja imekwisha." Sikutaja jua. Dada, kwetu nani anataja jua? Kwetu saa na jua ni kitu kimoja. Ikiwa saa moja, kuku wamelala, awe Januari ama Julai. Miaka yangu yote sijawahi kuona jua linaloamua lenyewe.

Basi Mreno akaenda na saa moja yake.

Ilipofika Aprili nikaanza kuona mambo. Tunafungua Sabato Ijumaa jioni, tukiimba, jua limetukodolea macho kama mtu aliyekuja kudai. Mei ikawa tunangoja mpaka mtoto anasinzia na Biblia mapajani. Kanisani wanatutangazia kila wiki jua litatua saa ngapi, nami nikawa nafuata. Lakini yale maneno niliyompa Abilio hayakunirudia hata mara moja. Niliyatoa yakaniponyoka.

Timu ikashinda, ikafika fainali. Fainali ilipangwa Jumamosi ya jana, saa sita mchana. Na mwalimu wa timu ya chuo kimoja kikubwa alisema atakuja kumtazama Natasha kwa macho yake. Ukipendwa na chuo huku, wanakusomesha. Mtoto hakulia. Alisema tu, "Sawa, Baba," akaenda kuosha vyombo, na vyombo vyenyewe vilikuwa safi.

Ndipo mwishoni mwa Mei Abilio akaja anakimbia na mguu wake huo, hata hodi hakupiga vizuri. Alikuwa amegombana na wakubwa wa ligi, amewabembeleza wale wa timu ya pili, amewapigia simu marefa. Mechi imesogezwa. Itaanza saa moja jioni! "Kama ulivyosema, mzee! Saa moja kamili!" Akanikumbatia.

Keziah alikwenda dirishani. Alivuta tu pazia. Ilikuwa karibu saa mbili, na jua lilikuwa limekaa juu ya duka la matairi la mbele yetu, bichi kabisa.

Dada, nilitamani sakafu inimeze. Nikamweleza polepole. Akasema, "Lakini ulisema saa moja." Nikasema, "Nilimaanisha jua." Akasema, "Jua? Mzee, hapa Juni jua linatua saa tatu!" Akaketi kwenye ngazi za nje, akasema maneno ya Kireno ambayo nashukuru siyajui. Kisha akaanza kucheka peke yake mpaka jirani akachungulia.

Siku ile nyumba yetu iligawanyika. Natasha alikuja na hoja yake, anaongea Kiingereza kama kawaida yao, nami nakuandikia kwa lugha yetu. "Baba, ikiwa saa moja jioni hapa, kwa Shangazi Dinah kule Nyamira ni Jumapili, karibu alfajiri. Sabato yake imekwisha zamani. Si nifuate ya Nyamira?"

Kusema kweli nilikaribia kukubali. Nilijiuliza, Mungu wa Nyamira si ndiye wa Minnesota? Lakini Keziah akamrukia. "Sawa. Basi na Ijumaa tuianze ya Nyamira pia, utoke darasani saa nne asubuhi uje kuimba na mimi."

"Hiyo naikubali hata leo," Natasha akajibu, tukacheka wote watatu. Nikasema tutafuata jua la hapa, kwa sababu ndilo linalotuangaza. Nilisema kwa sauti ya mkuu wa nyumba.

Nilimpelekea Abilio habari hiyo mwenyewe. Alihesabu kwa vidole: kipindi cha kwanza, mapumziko, kipindi cha pili. Akasema mechi itakwisha jua bado lipo, labda watoke sare waongezewe muda. "Hapo nitampata kwa dakika chache," akasema. "Zinatosha. Mwambie avae njumu."

Jana baada ya kanisa tulikwenda wote tukiwa na nguo zetu za Sabato. Mzee wetu wa kanisa, Naftali, ambaye amekaa nchi hii miaka mingi na hatabasamu ovyo, akasema atatusindikiza ili tusianguke majaribuni. Natasha alivaa jezi, lakini juu yake akavaa sweta refu la Keziah, akaketi mwisho wa benchi na kitabu cha nyimbo. Dada, mtoto huyo hakuinua macho. Watu wakipiga kelele, yeye anafungua ukurasa mwingine. Mimi nilisema nitakaa nimeupa uwanja mgongo. Nilikaa hivyo kidogo tu.

Wenzake walifungwa bao la mapema. Kipindi cha pili wakasawazisha kwa kona. Nilijikuta nimesimama. Naftali pia alikuwa amesimama, na yeye ndiye aliyepiga mluzi.

Mechi ikaisha sare, bao moja kwa moja. Wakaongezewa muda. Jua lilikuwa limeshuka limefika kwenye miti ya upande ule wa barabara kuu, jekundu, zito, haliendi mbele. Abilio akaja mpaka kwenye uzio nilipokuwa. Akaniambia, "Mzee, mimi sina imani na saa ya simu katika jambo hili. Wewe ndiwe refa wa jua. Likitua, punga mkono, namwingiza."

Unaona nilivyopewa mzigo? Natasha alivua lile sweta. Akasimama kando ya mstari, njumu miguuni, na hakumwangalia kocha. Alikuwa ananiangalia mimi.

Jua likaingia nyuma ya miti. Naftali akaanza kunivuta koti. "Limetua! Zadock, limetua, mwite mtoto!"

Nikamwambia, "Liko nyuma ya miti tu, mzee."

"Sasa nyuma ya miti si ndiko kutua?"

"Angalia lile jengo, bado lina mwanga juu."

"We mtu mgumu! Hata Mafarisayo wangekuwa wamekwisha punga!"

Dada, mzee wa kanisa ndiye aliyesema hivyo, mtu aliyekuja kutulinda tusianguke. Keziah alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Wasichana kwenye benchi walikuwa wananiangalia, wazazi wao wananiangalia, na hakuna hata mmoja aliyejua yule Mwafrika wa suti anangoja nini. Mkono wangu ulikuwa unaniuma kwa kutaka kunyanyuka. Nilisema moyoni, Bwana, lisukume kidogo tu. Hakulisukuma. Nadhani kama angelisukuma ningemwogopa zaidi.

Nikiwa bado naliangalia lile jengo, wale wengine wakafunga. Mbili kwa moja. Nikasikia mama mmoja nyuma yangu anauliza, "Kwa nini hamwingizi yule mrefu?"

Kisha mwanga ukatoka juu ya jengo. Nikapunga. Abilio alimsukuma Natasha begani akaingia. Zilibaki dakika tatu ama nne. Aligusa mpira mara mbili. Ule wa pili aliupiga akiwa amegeuka, hata kipa hakuruka, ukagonga mwamba wa goli, mlio wake nausikia mpaka sasa ninapoandika. Ukarudi uwanjani, mtu akaubutua nje. Filimbi.

Yule wa chuo alikuwa amekwisha ondoka. Mzazi mmoja aliniambia alitoka kipindi cha pili, alikuwa na safari ndefu.

Abilio aliwakusanya wasichana, akawapa mikono mmoja mmoja. Halafu akanijia. Nilijiandaa kutukanwa. Akauliza, "Lilikuwa halijatua kweli?" Nikasema, "Halikuwa limetua." Akaniangalia na nyusi zile, akasema, "Mimi ningepunga, mzee. Ningepunga mapema sana." Akaenda zake anachechemea kwenye gari. Dada, sijui alikuwa ananisifu ama ananilaani. Nimegeuza maneno hayo kila upande. Leo hajapiga simu, nami sijathubutu kumpigia.

Sasa nifikie lenyewe.

Njiani kurudi Keziah alikuwa amelala kiti cha nyuma, ama alijifanya. Natasha alikaa mbele na mimi. Nilikuwa nimeandaa mahubiri mazuri juu ya utii na thawabu, lakini kila nilipofungua mdomo niliona ule mpira unagonga mwamba. Mwishowe nikamwuliza tu kama amenikasirikia. Tukapita taa mbili za barabarani. Kisha akasema kwa Kiswahili, dada, mtoto ambaye nikimsalimu kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza:

"Baba, ungepunga kabla ya wakati, nisingeingia. Lakini nilitaka upunge."

Niliendesha gari. Tulipofika nyumbani akaingia bafuni akafungulia maji, na Keziah anasema chini ya mlio wa maji alimsikia analia. Leo asubuhi ameamka ametengeneza chapati, amemwimbia mama yake, ananiita Mzee wa Jua. Ukimtazama huwezi kujua kitu.

Hilo neno lake ndilo linaloninyima usingizi. Kama asingeingia, basi Sabato ni yake mwenyewe, haihitaji mlinzi, na mimi pale uzioni nilikuwa namlinda nani? Lakini kama alitaka nipunge, alitaka nini kutoka kwangu? Alitaka baba yake awe tayari kuanguka kwa ajili yake, hata kama yeye angekataa? Na mbona sehemu fulani ya moyo wangu inasema ningeupunga mapema ule mkono? Nimefunga na kuomba tangu asubuhi. Sijapata jibu, nimepata njaa.

Wewe umelea wasichana, mimi nimelea huyu mmoja. Hukuwa na shule nyingi kuliko mimi, lakini ulikuwa ukituelewa hata tukiwa tumenyamaza. Niambie mtoto akisema maneno kama hayo anataka baba afanye nini baadaye. Usinijibu kwa simu. Niandikie, umpe huyo ndugu akirudi, nami nitaisomea garini kabla sijaingia ndani.

Msalimie sana shemeji Eliezer. Msalimie Stacy, na Griffins umwambie binamu yake ana shuti kali kuliko la kwake, asibishane. Wasalimie washiriki wote wa kanisa letu la mlimani, uwaambie tunawakumbuka kila Ijumaa tunapongoja jua. Keziah anakusalimu na anasema mafuta ya mgongo yamo ndani ya mfuko, upakwe usiku. Natasha anasema, "Hi, Shangazi," na amenikataza kukuambia habari za mechi.

Mungu aliyetutoa mbali akuwekee mkono mgongoni, akupe usingizi mzuri na majirani wapole. Nakupenda, dada, na niombee kwa jina.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Zadock